Rangi si Gredi: Wacheni Kusugua Sarafu za Shosho

Wasee, kwa hii stori ya sarafu za zamani kuna watu wawili wananiudhi. Wa kwanza ni yule anapata shilingi ya simba kwa sanduku la shosho, anakimbia jikoni kutafuta ndimu na majivu, anaisugua mpaka inang'aa kama sufuria mpya, halafu anaipiga picha na kuandika, "Iko safi, leteni ofa." Wa pili ni yule anaona sarafu ina zambarau na buluu, basi anaitisha bei mara tatu, eti hiyo rangi ndiyo hali yake.

Wote wanaangalia rangi na kusahau metali. Msimamo wangu ni huu: rangi si uchafu, na rangi si gredi. Ukishika hayo mawili, si rahisi mtu akule doo.

Tuanze na simba mwenyewe. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka wa 1919. Shilingi zake za kwanza zina tarehe ya 1921: simba na milima upande mmoja, mfalme George V upande wa pili, baadaye George VI. Mpaka zile za 1946, fedha ndani yake ilikuwa asilimia 25 tu. Kuanzia 1948 fedha ikatolewa kabisa, ikawa shaba na nikeli. Sasa linganisha na rupia ya Mombasa ya 1888, ile ya kampuni ya Imperial British East Africa. Hiyo ilikuwa na fedha karibu asilimia 92. Hizi sarafu haziwezi kuzeeka sawa, kwa hivyo kabla ya kubishana juu ya rangi, soma mwaka kwanza.

Hiyo rangi inatoka wapi? Fedha hushikana na salfa iliyo kwa hewa, karatasi, mbao hata kitambaa. Polepole inajenga utando mwembamba sana. Mwanga ukigonga huo utando unaona njano, nyekundu, buluu, vile tu mafuta ya gari hufanya juu ya dimbwi la maji barabarani. Utando ukizidi kuwa mzito, sarafu inakuwa nyeusi. Rupia yenye fedha nyingi inaweza kupata rangi za kupendeza. Shilingi ya simba, kwa sababu ya shaba nyingi, mara nyingi huishia kahawia ama kijivu. Ukiona simba wa 1924 ametulia na kahawia yake, hajaugua. Amezeeka tu.

Sasa gredi. Wakusanyaji wengi wa sarafu duniani wanatumia namba kutoka 1 mpaka 70. Huo mpango ulitoka kwa Mmarekani William Sheldon mwaka wa 1949, na alikuwa akipima senti kubwa za shaba za kwao. Baadaye kampuni za gredi kama PCGS, ya 1986, na NGC, ya 1987, zikautumia kwa sarafu za kila aina. Kuanzia 60 kwenda juu, sarafu haijachakaa kwa matumizi. Chini ya hapo, swali ni moja: imelika kiasi gani?

Jibu liko kwa sehemu zilizoinuka, kwa sababu hizo ndizo husuguana na mfuko kwanza. Kwa simba, angalia manyoya na bega. Kwa mfalme, angalia nywele za juu ya sikio na shavu. Halafu shika sarafu kwa ukingo, iinamishe polepole chini ya taa moja. Kama haijatumika, utaona mng'ao unazunguka kama tairi inayobiringika. Rangi nzuri inakaa juu ya huo mng'ao, na bado unauona ukipita chini yake. Rangi ikiwa nzito mpaka mng'ao umekufa, hiyo inavuta gredi chini hata kama picha inapendeza.

Sikatai kwamba uzuri una bei. Sarafu mbili zikiwa na hali sawa, yenye rangi tamu inaweza kuuzwa ghali zaidi, na saa zingine hata kuongezewa namba. Ni sawa. Lipia uzuri ukipenda, lakini uuite uzuri. Buluu ya aina yoyote haiwezi kumrudishia simba manyoya yaliyokwisha.

Kwa nini basi usisugue? Ule mng'ao umetengenezwa na mistari midogo sana, iliyobaki wakati metali ilisukumwa na nguvu za mashine ya kupiga sarafu. Majivu yanaikata hiyo mistari na kuacha mikwaruzo myembamba kama unywele. Ndimu nayo inakula metali. Sarafu iliyosuguliwa hivyo ikifika kwa kampuni ya gredi, inaweza kunyimwa namba na kuandikwa tu kwamba ilisafishwa. Umefanya kazi nusu saa kuua bei yako mwenyewe, na hakuna kurudisha.

Najua kuna mtu atasema wanunuzi wa hapa wanataka kitu kinang'aa. Sawa, lakini huyo anakulipa bei ya pambo. Anayejua sarafu ataona mikwaruzo kabla hujamaliza kumwambia bei.

Na nyinyi wa kununua, chungeni. Kuna watu wanapika rangi: kwa joto, kwa dawa za salfa, hata kwa kufungia sarafu pamoja na yai lililochemshwa, kwa sababu yai linatoa gesi ya salfa. Ukiona sarafu imelika kabisa lakini rangi zake ni kali kama bango la matatu, shuku. Ukiona rangi imejaa ndani ya mikwaruzo ya kusafishwa, shuku zaidi. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usitume thao tano kwa rangi ya juzi.

Kwa hivyo fuata huu mpangilio: mwaka, kuchakaa, mng'ao, mikwaruzo. Rangi iwe ya mwisho. Na kama simba wa shosho amelika mpaka uso hauonekani, usimwonee aibu. Shilingi kama hizo zililipa kodi ya kichwa na kununua chumvi. Gredi yake iko chini kwa sababu ilifanya kazi. Irudishe kwa sanduku vile ilivyo, halafu muulize shosho aliipata wapi, kabla ya kuuliza mtandao ni ya pesa ngapi.