Jinja hadi Mbale: Nusu saa angani, saa tatu barabarani

Kwa mstari ulionyooka, Jinja na Mbale zimetenganishwa na kilomita zipatazo 130. Ndege ndogo ya abiria ingeumaliza mwendo huo kwa nusu saa au zaidi kidogo. Lakini hakuna ndege ya ratiba kati ya miji hiyo miwili ya mashariki mwa Uganda, na mkazi wa Jinja anayetaka kupanda ndege hulazimika kwanza kwenda Entebbe, upande wa magharibi, yaani kuipa Mbale mgongo.

Umbali wenye maana kwa wananchi, basi, ni ule wa barabara: kilomita 145 hivi kupitia Iganga, Namutumba, Kibuku na Budaka. Siku njema ni safari ya saa tatu. Siku mbaya hata dereva hataji saa.

Na ugumu hauko pale unapodhaniwa. Kipande cha Iganga hadi Mbale, maarufu kama barabara ya Tirinyi, ndicho kirefu, takriban kilomita 100, ilhali magari yake si mengi. Kinachokula muda ni zile kilomita 40 za mwanzo. Hapo basi la Mbale hugombea lami na malori ya shehena yanayotoka Mombasa kupitia Malaba na Busia kwenda Kampala, Rwanda na Kongo, pamoja na magari ya miwa yanayoelekea kiwanda cha sukari cha Kakira. Lori moja likiharibika, foleni huanza.

Daraja jipya la Nile, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018 kwa msaada wa mkopo wa Japani, na lilipunguza mzigo wa njia ya zamani iliyopita juu ya bwawa la mwaka 1954. Sifa zake ni za haki. Hata hivyo, liko magharibi mwa Jinja. Anayekwenda Mbale halivuki.

Huko Japani kwenyewe, treni ya kasi huenda Tokyo hadi Osaka, zaidi ya kilomita 500, kwa saa mbili na nusu. Ulinganisho huo si wa haki kwa nchi yenye kipato cha Uganda, lakini unaonyesha kwamba umbali hupunguzwa na uamuzi wa serikali.

Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji siku moja, Julai 1, 2020. Miaka miwili baadaye, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Kwa nyanya, vitunguu na ndizi zinazoteremka kutoka Mlima Elgon, barabara ikikatika mzigo huoza.

Tumaini sasa linaelekezwa kwenye reli. Oktoba 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapi Merkezi, wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Reli hiyo itapita Tororo na Jinja, lakini si Mbale. Mbale imebaki kwenye njia ya zamani ya Tororo hadi Gulu, inayokarabatiwa hasa kwa ajili ya mizigo. Abiria wa Jinja atakayeshuka Tororo atakuwa bado na kilomita 45 hivi mbele yake, na huenda akazimaliza kwa teksi, kama afanyavyo leo.