Kusi si Kusini: Majira ya Lamu na Lugha ya Utabiri

Katika mhadhara mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza neno kaskazini limetokana na nini. Kimya kilitanda. Hatimaye mmoja wao, kijana mwerevu asiyekosa darasa, alijibu kwamba kaskazi bila shaka ni ufupisho wa kaskazini. Sikumlaumu. Aliligeuza jambo kichwa chini miguu juu, lakini ndivyo alivyofunzwa: dira anaijua, upepo haujui. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini mashariki tangu Disemba hadi Machi. Kaskazini ni huko utokako, kwa kiambishi -ni cha mahali. Kusi nayo, ivumayo tangu Aprili hadi Septemba hivi, ndiyo iliyotupa kusini. Watu wa pwani walikitaja kwanza kinachojaza matanga yao, kisha ndipo wakazitaja pande za dunia.

Msomaji ataniuliza: asili ya maneno inahusu nini mambo ya leo? Inahusu sana, na Lamu ni ushahidi.

Visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu havina mto hata mmoja. Mji wa Lamu hunywa maji ya visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Kwingineko, hasa Ndau na Kiwayu, tegemeo ni jabia, yaani uwanja uliosakafiwa na kuinamishwa ili maji ya mvua yateremke ndani ya tangi lililochimbwa ardhini. Kwa watu hawa, kujua mvua itaanza lini ni kujua familia itakunywa nini. Na mvua yenyewe ina tabia yake. Januari hadi Machi ni ukavu mtupu wa kaskazi. Kusi inapoingia mwezi wa Aprili huja na mvua, na mwezi wa Mei peke yake huleta takribani thuluthi moja ya maji yote ya mwaka mzima. Juni nayo bado ina mvua ya kutosha. Kipupwe cha Julai, pamoja na ubaridi wake wa pwani ambao mtu wa Nyandarua angeuita joto, hakikosi manyunyu. Vuli, ambayo sehemu nyingine za Kenya huitegemea kwa kilimo, huku ni haba.

Ndiyo sababu watu wa pwani ya kaskazini waliziita mvua kubwa mvua za mwaka, au mwaka tu. Jina hilo linasema kweli: mvua ikipita, mwaka umepita. Lakini usanifishaji ulioanza mwaka wa 1930 ulichukua Kiunguja kuwa msingi, na Unguja husema masika. Silalamikii uamuzi huo, kwani lugha sanifu lazima iwe na kitovu. Ninalolalamikia ni lile lililofuata. Wafasiri wetu walipokutana na majira manne ya Ulaya waliyatwaa majina ya pepo na mvua zetu wakayavisha theluji: vuli ikawa wakati majani ya London yanapopukutika, kipupwe ikawa barafu, demani, ambayo ni kipindi cha kusi kutulia, ikawa wakati maua yanapochanua Ujerumani. Mwanafunzi wa Faza akisikia habari za vuli redioni hana budi kujiuliza kwanza ni vuli ya nani.

Hasara yake huonekana kwenye utabiri. Hapa Kenya msimu wa mvua kubwa hutangazwa kuwa ni Machi, Aprili na Mei. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa yenyewe inajua, na huongeza, kwamba mvua ya pwani hupitiliza hadi Juni. Ila kijisehemu hicho aghalabu hudondoka njiani kabla ya tangazo kufika kisiwani. Kinachobaki ni Machi. Mwenye jabia akiambiwa Machi ataifagia Machi, na vumbi la kaskazi litaijaza tena kabla ya tone la kwanza. Mvuvi naye hakuuliza kuhusu miezi. Yeye huvua bahari kuu wakati wa kaskazi, na kusi ikipamba moto hubaki ndani ya miamba. Swali lake ni siku gani upepo utageuka.

Wapo watakaosema basi turudi kwa wazee. Hapa sikubaliani nao. Mabaharia walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Nairuzi, wakaugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Ni hesabu ya kustahiwa, lakini haina siku ya kuongezwa kila mwaka wa nne, hivyo huteleza pole pole kama isiporekebishwa. Zaidi ya hayo, hakuna mwongo uliotabiri ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo kame ya nchi hii hadi mwisho wa 2022, serikali ikautangaza kuwa janga la taifa Septemba 2021. Wala hakuna uliotabiri vuli ya 2023. Mwaka huo El Nino iliandamana na hali ile ambayo wanasayansi waliieleza mwaka wa 1999, ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi kupata joto kuliko upande wa mashariki. Maji ya Tana yakafurika na kuikata barabara ya Garsen kwenda Lamu. Mambo haya hupimwa kwa setilaiti na maboya ya baharini. Mzee na setilaiti hawagombani. Kilichokosekana ni mkalimani kati yao.

Ukalimani huo haumhusu Mswahili peke yake. Mpeketoni, ambako wakulima kutoka bara walipewa mashamba tangu miaka ya 1970, watu husema mvua ya njahi na mvua ya mwere. Wasomali husema gu na deyr. Ukiyapanga majina haya ubavuni mwa mwaka na vuli, utaona yanalingana kwa kiasi cha kushangaza, na hakuna hata moja linaloanza tarehe mosi ya mwezi wowote. Tangazo la msimu kwa kaunti hii lingeweza kuandikwa kwa majina hayo yote katika ukurasa mmoja. Tangu ugatuzi wa 2013 utabiri hutolewa pia kwa ngazi ya kaunti, kwa hiyo mlango uko wazi.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo zaidi. Mnapofundisha majira, liacheni jedwali la Ulaya hadi kipindi cha jiografia ya Ulaya. Watumeni wanafunzi wakaulize nyumbani, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwao, upepo wa wiki hii unaitwaje, unatoka wapi na huleta nini, kisha waandike tarehe. Wafanye hivyo mwaka mzima, kaskazi hadi kaskazi. Mimi nitaanza na wale wangu wa mwaka wa kwanza, na yule kijana wa ufupisho ndiye nitakayemkabidhi daftari.