UCHAMBUZI: 'Atazoea tu' haimwondolei mcheza densi hofu ya jukwaani

MIGUU inazijua hatua zote. Kwa wiki nyingi mwanafunzi amezirudia uwanjani baada ya masomo, jua likiwaka na vumbi likitimka, hadi akaweza kuzicheza akiwa amefumba macho. Lakini jina la shule yake linapotangazwa ukumbini, viganja vinalowa jasho, koo linakauka na hatua ya kwanza inamponyoka.

Walimu wanaoandaa wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mnamo 1927, wanaifahamu vyema hali hii. Aghalabu jibu lao huwa fupi: "Atazoea tu."

Suala hili sasa lina uzito kuliko zamani. Mnamo Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walijiunga na shule za upili za juu chini ya mtaala wa umilisi. Mojawapo ya mikondo mitatu waliyotakiwa kuchagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo Muziki na Densi ni somo kamili. Densi, ambayo kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa burudani ya kusindikiza masomo, imekuwa somo ambalo mwanafunzi anaweza kuliegemezea mustakabali wake.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayeganda mbele ya wanaomtathmini hapotezi kikombe pekee. Huenda akapoteza alama na, baya zaidi, akaamini kwamba hana kipawa.

Je, ni kweli kwamba mcheza densi huzoea? Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2007 na kundi la wanasayansi wakiongozwa na Nicolas Rohleder unaonyesha vingine. Watafiti hao walipima kiwango cha kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapokabiliwa na shinikizo, katika mate ya washindani wa densi za ukumbini. Walikipima siku ya mashindano na pia siku ya kawaida ya mazoezi.

Siku ya mashindano kiwango hicho kilipanda mno, na sababu haikuwa uchovu wa kucheza. Kilichoushtua mwili ni kule kutazamwa na kuhukumiwa. Isitoshe, kushiriki mashindano mengi hakukuupunguza mshtuko huo. Watafiti walibaini pia kwamba waliocheza wawili wawili waliathirika kuliko waliocheza katika kundi kubwa, kwa kuwa macho ya majaji huwaelemea zaidi wanaotazamwa peke yao.

Matokeo hayo yanaitia doa kauli ya "atazoea tu". Mwili wa mshindani mkongwe nao hushtuka. Basi kinachomwezesha bingwa kucheza vizuri si kukosa hofu, bali ni jinsi anavyoichukulia hofu yenyewe.

Wataalamu wa saikolojia ya michezo waliligundua jambo hili zamani. Kipimo kilichotolewa na Rainer Martens na wenzake mnamo 1990 kiligawa hali ya mshindani katika sehemu tatu: wasiwasi wa akili, wasiwasi wa mwili na kujiamini. Wasiwasi wa akili ni zile fikra za kushindwa na kuaibika. Wa mwili ni moyo kudunda, mikono kutetemeka na tumbo kuvurugika. Kujiamini kumewekwa kando kwa sababu mtu anaweza kutetemeka na bado akaamini kwamba kazi iliyo mbele yake anaiweza.

Mnamo 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha jinsi tafsiri hiyo inavyoweza kubadilishwa. Watu waliotakiwa kuimba mbele ya mtu mwingine waliimba vizuri zaidi walipojiambia kwamba wana hamasa kuliko walipojiambia kwamba wana wasiwasi. Moyo unaodunda kwa hofu hudunda vivyo hivyo kwa shauku; tofauti ni jina ambalo mwenyewe anaupa mdundo huo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kumtwika mcheza densi mzigo wote. Hofu yake huchochewa pia na wanaomtazama, na mfano wa karibuni ulishuhudiwa jijini Paris.

Mnamo Agosti 2024, brekidansi ilishindaniwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Huu ni mchezo mgumu kwa mwenye wasiwasi, kwani muziki huchaguliwa na mcheza santuri papo hapo na mshindani hajui atachezea wimbo upi. Ami wa Japani na Phil Wizard wa Canada ndio walionyakua dhahabu. Lakini jina lililovuma zaidi mitandaoni lilikuwa la Rachael Gunn wa Australia, maarufu kama Raygun, aliyeshindwa katika mapambano yake yote matatu bila kupata kura hata moja ya majaji.

Kushindwa ni sehemu ya mashindano. Kilichofuata kilipita mipaka. Video zake zilisambazwa kote duniani, akafanyiwa mzaha, akatukanwa na kuzushiwa madai ya uongo. Mnamo Novemba mwaka huo huo alitangaza kwamba hatashiriki tena mashindano. Ikiwa mtu mzima, mhadhiri wa chuo kikuu, alilemewa na kejeli kiasi hicho, itakuwaje kwa msichana wa miaka 15 ambaye video ya kuteleza kwake jukwaani imesambazwa katika makundi ya simu kabla hajarudi nyumbani?

Ikumbukwe kwamba mashindano ya ngoma si mageni katika eneo hili. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyama vya beni vilishindana vikali katika miji ya pwani na kuenea hadi bara, na katika Tanganyika ushindani wa Marini na Arinoti ulijulikana mno. Lakini mcheza beni aliingia uwanjani akiwa na chama chake. Sifa ilikuwa ya chama, na aibu ya kushindwa pia ilikuwa ya chama. Hakuna aliyeibeba peke yake.

Kinga hiyo ya kundi ndiyo ambayo shule zinapaswa kuirejesha. Mwalimu anayemtaja mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake kuwa ndiye "aliyetuangusha" huibomoa kwa sentensi moja, na msimu unaofuata mwanafunzi huyo atapanda jukwaani akiwaogopa majaji na mwalimu wake pia.

Je, kujiamini hujengwaje? Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika nadharia aliyoitoa mnamo 1977, alitaja vyanzo vinne: kufaulu kwa vitendo, kuwaona wengine wakifaulu, maneno ya kutia moyo, na namna mtu anavyozitafsiri ishara za mwili wake. Miongoni mwa hivyo, kufaulu kwa vitendo ndicho chenye nguvu zaidi.

Kwa mintarafu hiyo, kundi ambalo halijawahi kucheza mbele ya watu hadi siku ya mashindano limeandaliwa nusu. Linafaa kucheza kwanza mbele ya darasa moja, kisha mbele ya shule nzima, kisha mbele ya wazazi. Vilevile, wanafunzi wafunzwe kukosea. Mwalimu anaweza kuukata muziki ghafla katikati ya mazoezi na kuwataka waendelee. Aliyewahi kupoteza hatua na kuirudia bila kusimama anajua kwamba kosa moja haliiui densi.

Maneno nayo yachaguliwe. Kumwambia mtoto "usiogope" ni kumkumbusha hofu. Afadhali kumtajia jambo mahususi analolimudu: zamu yake ya kuingia, pumzi yake, mdundo wa ngoma anaopaswa kuusikiliza. Majaji wanaposahihisha, waiseme kazi na wasimseme mtoto. Wazazi nao wajiulize, kabla ya kuisambaza video, iwapo wangependa kosa lao la kazini lisambazwe vivyo hivyo.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwadekeza watoto, na kwamba ushindani humkomaza mtu. Ni kweli kwamba jukwaa hukomaza. Lakini humkomaza yule aliyefundishwa namna ya kulikabili, asiyefundishwa huliacha. Na kwa yule anayekosa usingizi siku nyingi au kutapika kila mashindano yanapokaribia, idara ya ushauri nasaha ya shule ihusishwe mapema, badala ya kungojea aache densi kabisa.

Mcha mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Hakuna anayependekeza watoto waondolewe majaji au alama. Kinachohitajika ni kwamba ratiba ya mazoezi inayotenga saa nyingi za kufunza miguu itenge pia muda wa kuufunza moyo. Sasa ambapo densi ni somo, atakayeshindwa kwa kukosa kufunzwa hivyo hatakuwa ameshindwa peke yake. Mwalimu wake pia atakuwa ameshindwa.