Mwanagenzi wa Kipaza Sauti

Fundi mwashi wa Karagwe aliyejifunza kujenga kwa kumshikia mwalimu wake timazi, ambaye hakuingia darasa la chuo hata siku moja, anaweza kwenda VETA akapimwa ujuzi wake na kupewa cheti kinachotambuliwa na serikali. Hali kadhalika seremala na mpishi. Utaratibu huo huitwa urasimishaji wa ujuzi, na ni katika mambo ya busara yaliyofanywa nchini kwa ajili ya watu ambao mikono yao imesoma kuliko daftari zao. Lakini kijana wa Kayanga aliyekaa miaka mitano mbele ya kipaza sauti, akafunzwa na mtangazaji mkongwe namna ya kusoma, ya kuuliza na ya kunyamaza, hana mlango kama huo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, pamoja na kanuni zake za 2017, ilitaka mwanahabari awe na stashahada kwa uchache, ikawapa wasiokuwa nayo miaka mitano ya kwenda kuitafuta. Miaka hiyo imekwisha.

Wanaoitetea kanuni hiyo hupenda kuuliza: je, mtu atamkabidhi mgonjwa wake daktari asiyesoma? Swali hilo lina ladha ya ushindi, walakini limekosea mlango. Daktari naye hapewi wadi kwa karatasi peke yake. Huzunguka vitanda nyuma ya daktari mkubwa, akakemewa mbele ya wagonjwa, ndipo akaaminiwa. Waliotunga kanuni wameichukua nusu ya elimu ya daktari, ile ya darasani, wakaifanya lango la utangazaji. Nusu ya pili, ya kukaa kando ya anayejua, wameiacha nje kana kwamba haina thamani.

Kijana wa Nkwenda au Murongo, katika Wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hana chuo cha habari cha kwenda asubuhi na kurudi jioni. Sharti apande basi aende mbali, Mwanza pengine, apange chumba, ale na alipe ada. Nyumbani kwao kuna migomba na mibuni. Bei ya kahawa ndiyo itakayoamua iwapo mtoto huyo atakuja kuwasomea wakulima bei ya kahawa. Na ilhali redio zipo palepale wilayani Karagwe! Ipo Redio FADECO, iliyoasisiwa na Joseph Sekiku ili wakulima wapate maarifa kwa njia ya sauti. Ipo na Redio Karagwe. Mitambo ipo, wenye ujuzi wapo, wasikilizaji wapo. Kilichokosekana ni sheria inayokubali kuwa pale panasomwa.

Hapana anayesema kazi hii ni nyepesi. Mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ardhi tarehe 10 Septemba 2016, na mwezi Machi 2023 ukaingiwa na ugonjwa wa Marburg. Siku kama hizo neno moja lililosomwa vibaya linaweza kuwakimbiza watu kutoka hospitalini badala ya kuwapeleka. Ni haki, basi, kutaka msomaji wa habari awe amefunzwa. Mzozo uko katika kujua mafunzo hayo hupatikana wapi.

Atazamwe mwalimu wa kweli akiwa kazini. Humwambia mwanagenzi asogee nyuma kidogo, kwani herufi p inapiga kama kofi. Humchukulia karatasi mkononi dakika kumi kabla ya taarifa na kumuuliza: haya umeyapata kwa nani, na huyo aliyatoa wapi? Humfundisha kuvuta pumzi mwanzoni mwa sentensi, asije akaishiwa katikati na kulikata jina la mtu vipande viwili. Humzuia asicheke mbele ya mzee anayeeleza shamba lake lilivyoangamizwa na mnyauko wa migomba. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuelezwa zaidi. Anajua kwamba mizani inaweza kutimia kwenye karatasi na ubeti ukafia mdomoni mwa msomaji asiyejua pa kutua. Na anajua kwamba kutua huko hakufundishwi kwa mtihani wa kuandika. Siti binti Saad wa Fumba hakusoma skuli. Alifunzwa uimbaji na watu wa mjini waliomtangulia, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, na Televisheni Zanzibar ilipofuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara ikingoja televisheni hadi miaka ya 1990, hapakuwa na chuo cha televisheni cha kukimbilia popote nchini.

Hapa watu wa pwani nao wana lao la kujibu. Aghalabu redio ya bara inapofunguliwa barazani, kinachosikika kwanza ni kicheko: ati huyu kasema “mala” badala ya “mara”. Kinyambo hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto aliyekulia humo huzibadilisha bila ya kujua. Kasoro hiyo haiponi kwa kuchekwa, wala haiponi kwa stashahada, kwa kuwa wapo wenye stashahada wanaoisema vivyo hivyo. Huponywa na sikio la mtu aliyeketi pembeni, anayesimamisha mazoezi mara thelathini kwa siku. Anayekipenda Kiswahili kiasi cha kuudhika na “mala” angekuwa wa kwanza kudai mwalimu huyo atambuliwe na alipwe.

Na alipwe hasa, kwani jina la uanagenzi limekwisha kuchafuliwa. Wapo wanaotangaza kwamba watamlea kijana hadi awe mtangazaji wa redio au televisheni, wakapokea ada ya kujiandikisha, na mlezi mwenyewe asionekane ila siku ya kupiga picha. Wapo pia wenye vituo wanaomweka kijana miaka miwili akisoma matangazo ya vifo na salamu, bila ya mshahara na bila ya mwalimu, wakimwambia kuwa anajifunza. Huo ni utumishi wa bure uliovishwa kanzu ya elimu. Stashahada haiuzuii, kinyume chake huulisha, kwa sababu asiye na karatasi hana pa kushtakia. Uanagenzi unaostahili jina hilo huandikwa: mwalimu ni nani, anakaa na mwanagenzi saa ngapi kwa wiki, posho ni kiasi gani, na siku gani mafunzo yanakwisha. Maadili na sheria za habari zisomwe pia, kwa wiki kadhaa zilizopangwa, hata kama mkufunzi itabidi awafuate Kayanga.

Mwaka 2024 Tido Mhando aliteuliwa kuiongoza Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Yeye aliingia Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1969, wakati vyuo vya fani hii vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, na sauti yake ikaja kujulikana Afrika Mashariki yote. Bodi yenye mwenyekiti wa namna hiyo haiwezi kudai kuwa haijapata kuona mtangazaji aliyekuzwa na studio. Inachoweza kufanya ni kukaa na VETA na kuuliza fundi mwashi anapimwaje. Kumpima mtangazaji kunahitaji chumba kimoja, kipaza sauti, taarifa ya dakika tano ambayo hajaiona, na watu watatu wenye masikio. Chumba hicho Kayanga kipo.