Biashara ya haki huanzia kwenye mizani

Oktoba 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia. Kwa bei hiyo, sehemu moja ya kumi ya gramu ya dhahabu safi ni karibu dola 13. Mizani ikikosea kiasi hicho mara kumi kwa siku, mchimbaji wa Nyarugusu au Mwakitolyo amepoteza nini, na ni nani aliyeondoka nacho?

Wapo wanaodhani kampeni ya biashara ya haki na kufuta umaskini ni kazi ya wahisani wa Ulaya. Kanda yetu inajua vinginevyo. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba Usukumani walichoka kupunjwa uzito na mawakala wa vinu. Waliweka wapimaji wao wenyewe, pamba ikapimwa upya kabla ya kumfikia mnunuzi. Aliyewaunganisha ni Paul Bomani, ambaye tangu 1947 alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwaka 1955 likazaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Mfanyabiashara, basi, hakuwa mtazamaji.

Katika dhahabu hatua kubwa ilipigwa mwaka 2019. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi, na Kahama nayo ikapata soko lake mwaka huo. Serikali ilifuta VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo. Sokoni mchimbaji hupima mbele ya ofisa na huiona bei ya siku.

Hata hivyo, soko pekee halitoshi. Mchimbaji aliyekopeshwa mafuta ya pampu, baruti na unga wa kula duarani hufika sokoni akiwa ameshauza. Bei yake ilipangwa siku alipochukua mkopo, na mpangaji ni mfadhili wake.

Mfadhili naye ana hoja. Duara linaweza kutoka patupu, na fedha yake ikazama humo. Anastahili faida kwa hatari hiyo. Tunachokataa ni faida kufichwa ndani ya mizani na ndani ya bei. Iandikwe kwenye karatasi: mkopo kiasi hiki, faida kiasi hiki. Kisha dhahabu ipimwe kwa uzito wake na ilipwe kwa bei ya siku. Kanuni za Fairtrade hudai mchimbaji apate angalau asilimia 95 ya bei ya London, na kikundi chake dola 2,000 zaidi kwa kila kilo. Asiye na cheti hicho bado anaweza kuiga msingi wake: bei inayojulikana na pande zote.

Vyama vya wachimbaji vya mikoa, GEREMA kwa Geita na SHIREMA kwa Shinyanga, vinaweza kuweka wapimaji huru kwenye mialo, kama wakulima wa pamba walivyofanya. Wanunuzi waaminifu wawe wa kwanza kuwaunga mkono. Anayepunja leo atanunua kwa bei ya chini, lakini kesho mzigo utapitia njia za panya, na yeye atabaki na mizani yake mikononi bila cha kupima.