Vitundu vya dhahabu vinatuhusu

Ukimwambia mkazi wa mtaa wa Musaga, Bujumbura, kwamba Burundi inahitaji watu wa kuchunguza vitundu vya dhahabu na fedha visivyoonekana kwa macho, atakuuliza kwanza mafuta ya gari yatapatikana lini. Ana haki ya kuuliza. Hata hivyo nashikilia kwamba utafiti huo unatufaa sisi tusio na pesa nyingi, kwa kuwa nguvu yake inatoka zaidi kwenye umbo la madini kuliko kwenye uzito wake. Mwaka 1928 C. V. Raman alionyesha, akiwa Calcutta, kwamba mwanga ukigonga kitu, sehemu yake ndogo mno hurudi imebadilika rangi, na badiliko hilo huitambulisha molekuli iliyogongwa. Lakini ni kama chembe moja tu ya mwanga kati ya milioni kumi inayorudi na habari hiyo. Mwaka 1974 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliiona ishara hiyo ikiwa na nguvu ya ajabu juu ya fedha iliyoparuzwa. Kufikia 1977 ilijulikana kwamba imekuzwa mara laki moja hadi milioni. Sababu kubwa ni kwamba mwanga hujikusanya kwenye nyufa na vitundu vya nanomita chache. Dhahabu yenye vitundu hivyo hutengenezwa kwa kuichanganya na fedha na kuiloweka katika asidi ya nitriki: fedha huyeyuka, dhahabu hubaki kama sifongo. Masonara wameitumia asidi hiyo kwa karne nyingi kusafishia dhahabu, wala vitundu havikuwashughulisha.

Atakayesema haya ni mambo ya Ulaya atazame Nairobi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Zephania Birech, walichapisha kazi ambayo ndani yake walipaka vioo vya maabara rangi nzito ya fedha inayopitisha umeme, wakadondoshea damu ya panya, wakatafuta kwa mbinu ya Raman alama za kisukari aina ya pili katika asidi za amino leusini na isoleusini. Damu ya panya si ya binadamu, na kutoka hapo hadi zahanati ni mbali. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uso wa namna hii haulingani: hapa ishara inavuma, pembeni kidogo inafifia, na kipimo kinachobadilika hivyo hakimfai mgonjwa. Nakubali, na ndiyo maana natetea upigaji picha wa uso wenyewe. Leza ikipitishwa nukta kwa nukta chini ya hadubini, hutoa ramani ya mahali ishara ilipo na nguvu. Kununua vifaa vya kupimia vya mkononi kabla ya kuielewa ramani hiyo ni kununua majibu tusiyoweza kuyaamini.

Gharama? Hadubini ya Raman ni ghali, sibishi, na sidai inunuliwe kesho. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kioo kilichopakwa fedha kinaenea mfukoni. Chuo Kikuu cha Burundi kiwafundishe vijana wake wa kemia na fizikia kuandaa vioo hivyo Bujumbura, kisha kiwapeleke Nairobi kuvipima.