Kifungu cha 27 kinapofika Masieda
Na Martina Sulle

Januari ikikaribia, walimu wakuu wa shule za msingi Mbulu na Hanang hufungua daftari la uandikishaji. Mtoto mwenye ulemavu alichelewa sana kuingia katika daftari hilo, na hata leo nafasi yake humo inayumba.

Serikali haikuwa ya kwanza kumfikiria. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora mwaka 1963. Zilikuwa shule za bweni, nafasi zake za kuhesabu. Aliyepata alishukuru, aliyekosa hakuwa na pa kulalamikia, maana hisani haidaiwi.

Kisha likaja Azimio la Musoma la 1974, la elimu ya msingi kwa wote, na baada yake Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978: kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na hajafikisha 13 lazima aandikishwe. Kila mtoto. Asiyeona hakutolewa, wala kiziwi. Lakini nani atamfundisha, kwa lugha gani, alale wapi? Hayo yaliachwa hewani, na wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 1982 zikaja sheria mbili kwa mpigo, moja ya ajira za walemavu, nyingine ya matunzo yao. Shule haikupata ya kwake.

Mageuzi yenyewe yalikuja na Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, mwaka mmoja tu baada ya Tanzania kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 27 kinataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au ya binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kifungu kizuri. Kisome ukiwa Masieda, huku Mbulu, ndipo utaona kinapovuja. Mtoto asiyesikia anahitaji lugha ya alama, kwa hiyo safari yake ni ya bwenini, kama kwenye shule ya viziwi Dongobesh. Mwenye uoni hafifu anabaki shule ya kijijini, na huko pengine anamkuta mwalimu ambaye hajawahi kupita Patandi, chuo cha Tengeru, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu.

Tena kuna jambo ambalo wanaokaa mbali na huku hulisahau. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatoga anaanza shule na lugha ya nyumbani kwao. Anapokaa kimya darasani, hasikii, hajakielewa Kiswahili, au ana ulemavu wa akili? Pasipo upimaji, wote watatu wataitwa wazito na kupelekwa nyuma ya darasa.

Marekani ilipitia hapo hapo. Sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyosainiwa na Rais Gerald Ford Novemba 1975, ilimpa kila mtoto mpango wa masomo ulioandikwa, na ikampa mzazi haki ya kupinga uamuzi wa shule. Watu watasema wale ni matajiri. Ni kweli, ila kumjibu mzazi kwa maandishi hakuhitaji utajiri wowote.

Nasi tuna chombo cha kumsaidia mzazi, ingawa ni dhaifu kuliko sheria yao. Sheria ya 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mkoa hadi kijiji, na kwa maoni ya safu hii, ya kijiji ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Inazijua kaya. Inajua ni nani ana mtoto anayefichwa ndani wageni wakija. Ikipeleka orodha kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri mapema, mtoto wa miaka sita anaweza kupimwa macho na masikio, Haydom hospitalini ikibidi, kabla hajaitwa mzito. Na mtoto akikosa nafasi, halmashauri imwandikie mzazi barua yenye sababu na jina la aliyeamua.

Orodha hiyo ifike mezani kabla madiwani hawajapitisha bajeti. Elimu bila ada iliyoanza 2016 iliondoa ada. Nauli ya kumfikisha mtoto bwenini na kumrudisha likizo bado inatoka mfukoni mwa mzazi.